Elfu kumi kwa kila mtoto: kisa cha semina ya likizo Uyole

Usharika wa kisa hiki uko upande wa Uyole, Mbeya, pale barabara kuu ya Tunduma inapoachana na ile inayoshuka Tukuyu hadi Kyela. Usiutafute. Nimeuunda kutokana na mambo yanayojirudia katika sharika nyingi za Nyanda za Juu Kusini, na hesabu zake nimezipanga mwenyewe, zile ambazo mtunza hazina yeyote akizisoma hatashtuka. Atakayejiona humu ajue hakusemwa yeye peke yake.

Waumini wake ni mchanganyiko wa kawaida wa Uyole. Wapo watumishi wa serikali, watafiti wa kilimo, walimu wa vyuo, wenye maduka ya mbolea na dawa za mimea. Wapo madereva, na wapo wanaowauzia madereva. Kundi kubwa kuliko yote ni la wanaolima viazi na mahindi kwenye vishamba vya kukodi, na kazi ya kwao ikiisha wanakwenda kulima vya wenzao kwa kibarua. Jumapili wote wanakaa kwenye benchi zilezile. Tofauti yao huonekana ibada ikishaisha, kwenye mnada, mtu mmoja anaponunua kuku wa sadaka kwa bei ya mbuzi na wengine wakashangilia kwa vigelegele.

Kwa miaka mingi watoto wa hapo walikuwa na semina yao katika likizo ya Juni: siku tano, asubuhi hadi saa saba mchana. Nyimbo, hadithi za Biblia, kukariri mistari, igizo la kuonyesha Jumapili, na uji. Walimu walikuwa kina mama wachache wa shule ya Jumapili wakisaidiwa na vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita mwezi Mei. Mwaka wa mwisho wa utaratibu huo walikuja watoto 140, wakiwemo ambao wazazi wao hawasali hapo wala popote. Siku mbili kati ya tano uji uliisha kabla foleni haijaisha. Karatasi za kuchora hazikutosha. Kulikuwa na kelele, na mtoto mmoja alipotea mpaka saa kumi alasiri, kumbe amefuatana na mwenzake nyumbani kwao Itezi. Haya yasifichwe, kwa sababu wanaopinga watoto kutozwa ada ya semina hupenda kuisimulia semina ya zamani kana kwamba ilikuwa peponi.

Kisha ikaingia kamati mpya ya watoto, wazazi vijana wenye bidii. Mmoja wao alipata kwenye intaneti mwongozo wa shule ya Biblia ya likizo kutoka Marekani, ambako likizo ya kiangazi ni ndefu na makanisa huandaa programu za aina hii kila mwaka. Kila siku ilikuwa na rangi yake, wimbo wake wa ishara na mchezo wake, na watoto wote pichani wamevaa fulana za aina moja. Kamati ikapenda, na sioni kosa lao hapo. Wakaandika bajeti ya watoto 120. Fulana, shilingi 5,000 moja, zilifika 600,000. Chakula cha mchana cha wali na maharage, 400,000. Karatasi, kudurufu na kalamu za rangi, 120,000. Nauli na maji ya walimu kumi, shilingi 3,000 kwa siku kila mmoja, 150,000. Kukodi spika na jenereta, 130,000. Jumla 1,400,000. Baraza la wazee likatoa 200,000. Iliyobaki ikagawanywa kwa vichwa 120, ikatoka elfu kumi kamili.

Tangazo lilisomwa katikati ya Mei: ada ni shilingi elfu kumi kwa kila mtoto, ilipwe kwa namba ya kulipia ya usharika kabla ya mwisho wa mwezi, na wasio na uwezo wamwone mchungaji.

Watoto waliolipiwa walikuwa 61. Aliyekwenda kumwona mchungaji alikuwa mmoja tu, mtumishi wa serikali mwenye watoto wanne, akiuliza kama kuna punguzo kwa anayeleta wengi. Akaambiwa halipo. Akalipa wote.

Jumatatu asubuhi, pamoja na wale 61, walifika watoto ishirini na kitu ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha. Walikuja kama walivyozoea, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Mwinjilisti aliyekuwa mlangoni na daftari alifanya ambalo wengi wetu tungefanya: akawaingiza, akawakalisha nyuma. Tatizo lilikuja saa sita. Chakula kilipikwa kwa hesabu ya waliolipa, na fulana ziligawiwa kwa majina. Jumanne wakarudi nusu. Jumatano hakurudi hata mmoja. Hakuna aliyewafukuza, na hilo ndilo kamati ililishika sana kwenye kikao cha tathmini: "Sisi hatukumfukuza mtoto wa mtu."

Kabla ya kuingia kwenye Maandiko, tumalize daftari la mtunza hazina, kwa sababu linasema jambo ambalo wengi kikaoni hawakulisikia. Mapato: 610,000 za ada na 200,000 za baraza. Matumizi: fulana 600,000, maana ziliagizwa 120 mapema, karatasi 120,000, zilishadurufiwa, walimu 150,000, spika 130,000. Chakula peke yake ndicho kilichopungua kulingana na idadi, kikafika 205,000. Jumla 1,205,000, upungufu 395,000, na upungufu huo ukachotwa kimyakimya kwenye mfuko wa ujenzi. Ukijumlisha na zile 200,000 za mwanzo, usharika ulitoa 595,000 kuwafundisha watoto 61, huku fulana 59 zikibaki kwenye maboksi ofisini.

Sasa ondoa fulana na spika kwenye bajeti ya awali. Chakula, karatasi na walimu kwa watoto 120 ni 670,000. Yaani kwa kuongeza 75,000 tu juu ya ilichotoa, usharika ungewapokea watoto karibu mara mbili, bila kumtoza yeyote hata senti. Ile ada ilikwenda karibu yote kwenye nguo. Mafundisho yenyewe yalilipwa na kanisa, kama zamani, ila safari hii kwa wachache.

Kwa hiyo swali la kama kanisa litoze au lisitoze watoto nadhani limekuwa likiulizwa kwa kukosewa. Gharama ipo na mtu ataibeba. Kinachopaswa kuamuliwa ni idaiwe wapi na idaiwe nani. Uyole waliidai mlangoni, wakamdai mtoto.

Mtetezi mkubwa wa ada alikuwa mtunza hazina, mzee mwadilifu, mstaafu, mtu wa risiti. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilitoka Kutoka 30, ile nusu shekeli: tajiri asitoe zaidi wala maskini asipunguze. Wote sawa mbele za Bwana, na elfu kumi ni elfu kumi. Hoja nzito, na kikao kilinyamaza. Lakini mstari unaotangulia unasema anayetoa ni mwenye miaka ishirini na zaidi. Hata katika sadaka ya watu wote kulingana, Israeli hawakumhesabu mtoto kwenye wadaiwa. Na pale ambapo sadaka ilimhusu mtu na hali ya nyumba yake, Torati iliweka ngazi. Mambo ya Walawi 5 inaanza na kondoo au mbuzi. Asiyeweza alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeweza hata hayo alete unga. Haisemi aende kwanza kwa kuhani kuthibitisha kwamba hana. Luka 2 inatuonyesha Yusufu na Mariamu wakipanda hekaluni na sadaka ya ndege, ile ambayo Walawi 12 inamruhusu mama asiyemudu mwana-kondoo. Sadaka ya familia maskini, imetolewa mchana kweupe, na hakuna aliyewauliza.

Hoja yake ya pili ilikuwa ile tunayoisikia kila mahali: cha bure hakithaminiwi. Mzazi akilipa atahakikisha mtoto anafika. Hili linapimika, na limepimwa karibu na kwetu. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya majaribio ya vyandarua kwa wajawazito katika kliniki za magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure walivitumia kwa kiwango kilekile cha waliolipa. Chandarua si Neno la Mungu, nakubali. Ila anayesema bei inachuja wasiojali anapaswa kueleza kwa nini pale ilichuja wasio na pesa. Na mzazi wa Uyole hahitaji hata utafiti huo: ada ya shule za msingi ilipofutwa 2001, madarasa yalifurika, na ilipofutwa ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, yakafurika tena. Watu wale wale wanaoambiwa hawathamini cha bure ndio waliowapeleka watoto wao siku ya kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo ada ilifanya, dogo lakini linaudhi. Iligeuza wazazi kuwa wateja. Siku ya pili mama mmoja alipiga simu kulalamika kwamba fulana ya mwanawe inambana. Mwingine aliuliza kwenye kundi la WhatsApp kwa nini wali haukuwa na nyama ilhali amelipa. Mwaka uliotangulia, mama huyohuyo alikuwa jikoni akikoroga uji.

Wapinzani wa ada nao walikuwa na mstari wao, Mathayo 10:8, "mmepata bure, toeni bure", na walipousoma walikaa chini kana kwamba kesi imekwisha. Wangeendelea mistari miwili mbele wangekuta "mtenda kazi astahili posho lake". Bwana aliwakataza mitume kuuza, hakuwaambia wenyeji wao wasiwalishe. Mstari huo nitaurudia, kwa sababu ndipo wapinzani waliposhinda kikao na kuharibu jambo lingine.

Sasa tuje kwenye maneno ya mwisho ya lile tangazo: wasio na uwezo wamwone mchungaji. Kamati iliapa, na naamini iliapa kweli, kwamba hakuna mtoto angekosa kwa ajili ya pesa. Mchungaji naye alisema alikaa ofisini akisubiri, kalamu mkononi, tayari kumsamehe kila atakayekuja. Hakuja mtu. Wengine wakahitimisha kwamba basi hakuna wahitaji.

Yuko bibi mmoja wa jumuiya ya upande wa Igawilo anayelea wajukuu wanne. Wabibi wa namna hiyo ni wengi huku. Katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016–17 mkoa wa Njombe uliongoza nchi nzima, asilimia 11.4 ya watu wazima, na Iringa na Mbeya zilifuata. Kila nyumba ya ukoo mkubwa ina bibi aliyerudia kulea. Mzee wa kanisa wa jumuiya yake alimwuliza: "Bibi, mbona hukwenda kwa mchungaji? Ilitangazwa." Akajibu: "Nikamwambie nini, mwanangu? Kwamba sina? Kwani hajui?"

Jibu hilo lina zaidi ya aibu ndani yake. Bibi huyu ana bahasha ya ahadi ya ujenzi ambayo hajaimaliza, na jina lake limo kwenye daftari la jumuiya, safu ya waliobaki nyuma. Mwenye deni la ahadi huwa hapiti hata mbele ya nyumba ya mchungaji kama kuna njia nyingine. Kwenda kuomba asamehewe elfu arobaini za semina ni kwenda kulifungua lile daftari kwa mkono wake. Wenye akiba wanauona mlango wa mchungaji uko wazi. Wenye deni wanaona meza iliyo mbele yake. Ndiyo maana aliyeingia alikuwa mtumishi wa serikali asiyedaiwa kitu. Utaratibu wa msamaha uliwekwa na watu ambao hawajawahi kuuhitaji, na ulimfaa mtu wa aina yao.

Paulo aliwakuta Wakorintho katika hali inayofanana na saa sita ile ya Jumatatu: wenye chakula wanakula, wasio nacho wanatazama, wote kanisani. Aliwauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Wala hakudai kwamba walikuwa wamemfukuza mtu.

Historia nayo iko upande huo. Robert Raikes alipoanzisha shule ya Jumapili Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalenga watoto wa maskini waliokuwa wakifanya kazi wiki nzima. Walimu walilipwa, na aliyewalipa mwanzoni alikuwa yeye mwenyewe kutoka mfukoni. Programu za likizo za Marekani, zile ambazo kamati ya Uyole iliziona kwenye intaneti zikiwa na fulana, nazo zina mizizi katika juhudi za mwaka 1898 za mama mmoja wa kanisa la Kibaptisti, Bi Hawes, kukusanya watoto wa mitaa ya wahamiaji maskini jijini New York. Huko nako leo wanabishana: makanisa mengi hayatozi, mengine yanatoza kidogo. Lakini wao wanabishana wakiwa na likizo ya miezi miwili na wazazi wengi walioajiriwa wanaotafuta pa kumwacha mtoto mchana. Mzazi wa namna hiyo ananunua uangalizi, na kumtoza si ajabu. Uyole wapo pia wazazi kama hao, labda ndio wale 61. Walipe, tena walipe zaidi ya elfu kumi, ila isiwe mlangoni.

Ningeipanga hivi. Juni ni mwezi wa mavuno. Maharage yameshatoka, mahindi yanavunwa, viazi havijakauka matope. Kupika wali wa kununua wakati huo ni uvivu wa kufikiri. Makande na uji vinamtosha mtoto, na katika baridi ya Juni ya Uyole, kikombe cha uji wa moto saa nne kinafanya kazi kuliko sahani ya wali saa saba. Kila jumuiya ibebe siku yake moja: sado za maharage, debe la mahindi, kuni, na kina mama wa kupika. Bibi wa Igawilo hana elfu arobaini lakini sado ya maharage anayo, na ataileta mwenyewe kichwani, amesimama wima kama wengine. Fedha taslimu inayobaki ni karatasi na walimu, 270,000, pamoja na sukari na chumvi. Sadaka ya Jumapili ya Mikaeli na watoto, mwishoni mwa Septemba, itengwe kwa ajili ya semina ya Juni inayofuata badala ya kumezwa na mfuko mkuu. Ikipungua, ipitishwe bahasha kwa watu wazima mwezi Mei, na hapo ndipo yule mtafiti na yule mwenye duka la mbolea waombwe kwa jina wawe walezi wa semina. Watatoa. Wananunua kuku kwa bei ya mbuzi.

Fulana zilizobaki ziuzwe kwa anayetaka, lakini zisivaliwe wiki ya semina. Katika hili sina mzaha: nguo inayomtenganisha aliyelipa na asiyelipa haina kazi ndani ya darasa la Biblia. Kama idadi inatisha, na watoto 140 kweli ni wengi, wagawanywe kwa umri, wadogo asubuhi na wakubwa mchana. Orodha ya mlangoni ibaki, tena iandikwe vizuri zaidi, jina na mtu wa kumchukua, ili asipotee mwingine Itezi. Safu ya malipo ifutwe.

Kambi ya kulala ni habari nyingine. Kamati inawaza kuwapeleka wa kipaimara Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, siku tatu. Basi, vitanda, milo mitatu kwa siku: hiyo ni safari, mzazi anaweza kuichangia na anayeikosa hajakosa mafundisho yake ya lazima. Mradi mafundisho hayo yasihamishiwe Matema.

Baraza la wazee lilikaa Julai, likaamua mambo mawili kwa kura moja. Ada ya semina imefutwa. Na, kwa moto uleule wa "toeni bure", shilingi 3,000 za walimu nazo zimefutwa, wajitolee. Uamuzi wa pili sikubaliani nao. Mwalimu anayetoka Inyala kwa daladala kila asubuhi hajitolei muda peke yake, anajitolea na nauli. Na kijana aliyemaliza kidato cha sita hana mshahara wa kuchota hiyo nauli. Mwakani watabaki walimu wanaokaa karibu na kanisa, au wenye waume wenye kazi, na watoto 120 watarudi kwa mwalimu mmoja mwenye sauti. Mzee mtunza hazina, aliyeshindwa kwenye ada, ndiye aliyebaki akiitetea ile 150,000 peke yake. Alikuwa sahihi, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha hakupata wa kumuunga mkono. Baraza linakutana tena Oktoba kupitisha bajeti. Hoja hiyo irudishwe, na safari hii Mathayo 10 isomwe mpaka mstari wa kumi.